Kutafuta Jiwe la Kenyi

Wenzangu wa Dadamu, tangu nirudi kila anayekuja kununua muhogo hutazama mkono wangu kabla ya kutazama muhogo. Ile kamba ya katani niliyoivaa tangu Kenyi afe haipo tena, na mmeniuliza imekwenda wapi. Nikianza kusimulia kwa mdomo nachanganya, naanzia mwisho, halafu nalia au nacheka, na nyinyi mnabaki mnatazamana. Kwa hiyo nimeandika. Niliishia darasa la sita, mtanivumilia.

Kenyi alikuwa kaka yangu, fundi mwashi. Vita vya sabini na tisa vilipotufikia, tulivuka mpaka pamoja tukaingia Sudan, naye akafia kambini huko kwa homa. Sisi tuliporudi, yeye alibaki. Kwetu Ludara, mtu aliyezikwa mbali huletewa jiwe kutoka kaburini kwake. Hufukiwa nyuma ya nyumba ya mama yake, kisha dada yake hukatwa kamba ya mkononi, na matanga yamefungwa. Mimi sikuweza kurudi kuchukua jiwe, maana kule nako vita vilikuwa vimeanza. Kamba ikichakaa, nasokota nyingine. Hayo mnayajua. Msiyoyajua ni ya yule mgeni.

Kutoka Dadamu mpaka mjini Arua

Zuhura alinikuta naanika muhogo juu ya mwamba. Alikuwa mwanamke mrefu, kavaa suruali, kabeba mkoba mgongoni, na mikono yake ilikuwa na madoa meupe kama ya mtu aliyetoka kupaka chokaa.

"Shikamoo, ndugu," akasema. "Samahani kwa kukusumbua. Namtafuta fundi Kenyi."

"Kenyi amekufa," nikamwambia.

Akaketi palepale, juu ya muhogo wangu.

Alipopata maneno, alinieleza. Yeye ni Mtanzania wa Morogoro. Alisomea usanii katika nchi moja ya baridi huko Ulaya ya mashariki, wakati nchi ile ilipokuwa bado ya kijamaa. Mwalimu wake wa huko aliwahi kuletwa Koboko, kabla ya vita, kupamba ukuta wa ghala la ushirika kwa sanamu za saruji, na fundi wake alikuwa Kenyi. Mwalimu amekufa sasa. Zuhura anazunguka nchi zetu kutafuta kuta za namna hiyo.

"Ukizipata unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nazibandika karatasi mbichi, nachukua alama zake. Kisha nawaonyesha watu."

"Watu gani?"

"Wa mijini. Wa nje."

"Kwa nini wasije kuuona ukuta wenyewe?"

Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Kule zilikotoka wanazivunja, dada. Asubuhi unapita sanamu ipo, jioni unakuta shimo. Watu wanashangilia. Labda wana haki. Lakini hakuna hata mmoja anayeomboleza."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya niache muhogo. Sikuelewa mtu anauombolezaje ukuta. Lakini nilimwona usoni kwamba hasemi uongo. Nikamwambia nitampeleka Koboko, kwa sharti kwamba yeye naye anisindikize mpaka Oraba, mpakani, nikamtafute mfanyabiashara anayevuka, aniletee jiwe la kaka yangu. Peke yangu nilikuwa nimeshindwa hata kuanza. Akakubali kabla sijamaliza kusema.

Mjini tulikaa kungoja lori la Drani, ambaye alikuwa anapeleka sabuni na chumvi. Drani alisema anatoka sasa hivi. Akaenda kutafuta mkanda wa injini. Akarudi na mkanda, akaenda kutafuta dizeli. Nilinunua enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, pamoja na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim. Zuhura aliukata ugali, ukavutika kama gundi, akanitazama.

"Hautafunwi," nikamwambia. "Unameza tu."

Akameza, machozi yakamtoka, akasema ni mzuri sana. Hapo ndipo nilipojua kwamba anaweza kusema uongo, ila wa adabu tu.

Kutoka Arua mpaka Koboko

Kila mtu wa kwetu anajua kwamba juu ya lori hakuna nafasi. Lakini Zuhura alipopanda na kusema, "Samahani ndugu zangu, naomba msogee kidogo," abiria wote walisogea. Walisogea mno. Akapata nafasi ya kulala, na sisi wengine tukabanana kwenye katoni za sabuni. Mwanamke mmoja akamwondoa mtoto wake karibu naye. Waliokuwa wanacheka wakanyamaza.

Zuhura aliniinamia. "Nimekosea nini?"

Mimi nilijua, lakini niliona aibu kumwambia. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufi alinitangulia.

"Mama," akasema, "nyinyi narudi?"

"Akina nani, mzee?"

"Nyinyi. Watu ya Tanzania. Askari yenu alikuwa nasema hivi-hivi. Ndugu, tafadhali, samahani. Halafu nyumba naungua."

Zuhura akawa kama aliyemwagiwa maji. Alisema wakati ule yeye alikuwa msichana wa shule, anaimba nyimbo za ushindi uwanjani Morogoro pamoja na wenzake, hata hakujua Koboko iko wapi.

"Uliimba vizuri?" mzee akauliza.

"Nafikiri, ndiyo."

"Basi sisi alisikia," mzee akasema, na lori zima likacheka, pamoja na yule mwanamke mwenye mtoto. Baada ya hapo walimbana Zuhura kama mtu mwingine yeyote, na akapewa kuku wa kushika.

Kwenye kizuizi mambo yaligeuka tena. Askari alikuwa anatushusha mmoja mmoja na kutukemea. Zuhura akamwambia, "Habari za kazi, ndugu? Tumetoka Arua, tunaelekea Koboko." Askari akabana miguu, akapiga saluti, akaamuru kamba ya njiani iteremshwe. Sijui, kwa Kiswahili kile, alimdhani ni nani. Zuhura mwenyewe hakujua. Drani alifurahi akasema huyu mama akae mbele siku zote. Kisha gurudumu likapasuka, tukakaa kando ya njia mpaka jua likashuka. Na saluti yake haikutusaidia kitu.

Ghala la Koboko

Niliuona ule ukuta mara ya mwisho nikiwa msichana, na niliukumbuka mkubwa na wenye kung'aa. Kweli ni mkubwa. Ni watu wa saruji wanaotembea kwa mstari, kila mmoja mrefu kupita mtu halisi. Mmoja ana jembe, mmoja anasukuma baisikeli, mmoja kabeba gunia la pamba. Nguo zao zimenyooka kama zimepigwa pasi. Lakini hawakuwa na nyuso. Mahali pa kila uso palikuwa na tundu, na ndani yake matofali. Mbuzi walikuwa wamelala miguuni mwao.

Zuhura alisimama pale mkoba ukamteleza begani. "Nani amefanya hivi? Askari wetu?"

Mlinzi wa ghala, Mzee Juma, alikuwa ameketi mlangoni anakunywa chai. "Hapana askari," akasema. "Sisi."

Alitueleza bila haraka. Yule mwalimu wa kizungu, alipokuwa anafanya kazi, aliwaomba watu wa Koboko wasimame mbele yake na vifaa vyao ili awatengeneze. Kwa hiyo kila mtu wa ukutani alijulikana. Wa baisikeli alikuwa baba yake Mzee Juma. Mwenye gunia la pamba alikuwa Lodu, mtoto wa mama yangu mdogo, Poni. Vita vilipokaribia, habari zikaenea kwamba aliyewekwa kwenye ukuta wa serikali atahesabiwa mtu wa serikali, na jeshi linalokuja litamtafuta kwa sura.

"Basi kila familia nakuja na patasi," akasema Mzee Juma. "Natoa uso ya mutu yake, napeleka nyumbani. Mimi nilitoa ya baba. Mama Poni alitoa ya Lodu, nabeba kichwani mpaka Ludara."

"Mlijuaje uso upi ni wa nani?" Zuhura akauliza.

"Kwa vitu nashika mkononi."

"Na sura zenyewe?"

"Sura yote ilikuwa sawasawa." Akanywa chai. "Sisi nafikiri hiyo ndiyo ujamaa."

Mimi nilikuwa na swali langu moja. Nilimuuliza kama Kenyi naye alisimama ukutani.

"Kenyi? Kenyi alikuwa fundi. Yeye akisimama, nani napiga plasta?"

Sikujua kwamba nilikuwa na matumaini mpaka alipojibu hivyo.

Zuhura alifanya kazi yake hata hivyo. Aliulowesha ukuta kwa maji, akabandika karatasi nyeupe kubwa, akazipigapiga kwa brashi taratibu, kuanzia mabegani kushuka chini. Wanawake waliokuwa wanapita wakasimama. Walinong'ona. Mmoja akaleta ndoo ya maji, mwingine akaleta kipande cha sabuni, akamwekea miguuni bila neno. Zuhura akaniuliza sabuni ni ya nini. Nikamwambia wanafikiri anawaosha maiti. Zuhura akaichukua sabuni, akanawa mikono, akawashukuru. Wakajibu vizuri, wakaondoka.

Oraba

Oraba ni malori tu. Malori yanayongoja kuvuka, mawakala wa forodha wenye kalamu masikioni, wabadilishaji fedha wenye vibunda, na vumbi la wote. Nilimpata mfanyabiashara anayeitwa Moro, anayevusha sukari kwenda Kaya, ng'ambo ya pili. Kambi yetu ya zamani haikuwa mbali na njia yake. Nilimweleza: makaburi yako nyuma ya kisima, la Kenyi lina ukingo wa matofali mabovu niliyoyapanga mwenyewe.

"Dada, hiyo kitu ndogo," akasema. "Mimi nakuletea jiwe kama kichwa ya ng'ombe."

Tukangoja. Tulikula kisra, ile mikate myembamba ya Wasudani, na mchuzi wa bamia ambao Zuhura aliupenda kwa kweli. Kila wakala aliyepita alituuliza mzigo wetu ni nini. Nikisema jiwe, waliuliza lina dhahabu?

Ni katika kungoja huko Zuhura alipoanza kunisimulia habari za mwalimu wake, ili kupitisha muda tu. Alisema yule mwalimu hakutaka nyuso tofauti. Alitaka wafanyakazi wote wafanane, asiwepo mkubwa wala mdogo. Kwa hiyo alitengeneza kalibu moja ya uso, kama ile ya kufyatulia matofali, na nyuso zote za ukutani zikatoka humo. Ili kupata kalibu alihitaji mtu hai alale chali, apakwe plasta ya hospitali usoni, apumue kwa mirija puani mpaka ikauke. Watu wa Koboko wote walikataa. Walisema huko ni kufanywa maiti.

"Mwishoni alikubali mmoja tu," Zuhura akasema. "Mwalimu alikuwa akicheka kila akisimulia. Alisahau kumpaka mafuta kwenye nyusi. Plasta ilipobanduliwa, ikaondoka na nywele zote za pale."

Nikaweka bakuli chini.

Siku moja kaka yangu alikuja nyumbani Ludara kutoka kazini akiwa hana nyusi. Alionekana kama yai. Mama alipiga kelele: "Kenyi! Nani amekunyoa?" Akasema moto wa lami ulimrukia. Mama hakuamini, maana ngozi haikuungua. Alidhani amekwenda kwa waganga. Kenyi alishikilia moto wa lami mpaka nywele zikaota. Sasa naelewa. Angesema kwamba alilala chali akafunikwa uso kama aliyekufa, mama asingemruhusu arudi kule tena.

"Zuhura," nikasema, "yule aliyekubali alikuwa nani?"

"Mwalimu alisema tu, fundi wangu."

Nilimweleza habari za moto wa lami. Tulitazamana. Nataka niseme kwamba nilifurahi, lakini kichwa kilikuwa kinazunguka tu. Kama ni hivyo, Lodu aliyebebwa kichwani mpaka Ludara ni nani? Na baba yake Mzee Juma?

Moro akarudi. Alikuwa na jiwe zuri, jeusi, limeoshwa. Akaliweka mbele yangu akapangusa mikono.

"Ukingo wa matofali bado upo?" nikamuuliza.

Akatazama malori. "Upo."

"Upande gani wa kisima?"

Akajikuna shingo. "Dada, mimi nasema kweli. Kule risasi iko nalia. Mimi hapana fika. Hii jiwe natoa pale mtoni, karibu na daraja. Lakini jiwe ni jiwe! Nani atajua?"

"Mimi," nikasema.

Hakukasirika. Alilitia lile jiwe chini ya gurudumu la lori lisiserereke, na labda mpaka leo liko hapo. Zuhura akaniuliza tufanye nini. Nikamwambia sijui, ila twende Ludara kwa mama mdogo, tukaone huo uso.

Ludara

Tulipata lori mpaka njia panda, kisha tukatembea katikati ya mashamba ya mtama. Mama mdogo Poni ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyebaki katika boma letu. Alinipokea kwa kelele, akanishika mkono, akaona kamba, akashusha sauti.

"Bado?"

"Bado, mama."

Alitupikia maharage yaliyopondwa. Aliposikia Zuhura anazungumza alimwita binti ya askari, nikamkatalia, akasema haidhuru, hata binti za askari wanasikia njaa. Baada ya kula nikamwomba atuonyeshe Lodu.

Aliingia ndani, akatoka amembeba kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Akakifunua juu ya magoti. Ulikuwa uso wa saruji, mpana kuliko wa mtu, mashavu yamechongwa yakawa bapa, midomo imefungwa. Kwenye paji palikuwa panang'aa kwa kupanguswa. Lodu aliondoka siku za vita na hakuna aliyepata habari zake tena. Kila asubuhi mama mdogo alimpaka mafuta kidogo.

Zuhura akaegemea ukuta wa jikoni. Mimi nilitazama kwa muda mrefu. Nitawaambia ukweli: sikumtambua. Yule mwalimu alikuwa amempunguza hapa, amemwongeza pale, mpaka akawa mtu wa kila mahali. Nilimtafuta kaka yangu nikaona saruji. Nikamtafuta Lodu, naye sikumwona. Kisha nikapitisha kidole juu ya macho, pale ambapo nywele zilibanduka. Palikuwa laini kuliko sehemu nyingine.

Ningeweza kunyamaza. Zuhura alinitikisia kichwa ninyamaze. Lakini mama mdogo alikuwa ananiangalia, na mimi sikuweza kukaa mbele yake na kitu hicho kinywani. Nikamwambia yote: kalibu, plasta, mirija, moto wa lami. Nikamwambia, mama, nafikiri huyu ni Kenyi. Nikaogopa nimemuua Lodu mara ya pili.

Yeye akaendelea kupangusa lile paji.

"Lodu wangu alikuwa na pua ya kukaa chini kama chura," akasema. "Hii pua imesimama. Mimi ni mama yake, wewe nafikiri sikuona?"

"Ulijua ni Kenyi?"

"Kenyi, hapana. Nilijua si Lodu." Akaufunga ule uso ndani ya kitambaa. "Lakini Lodu hakuja. Huyu alikuja. Nikakaa na yule aliyekuja."

Kuku walipita. Kisha akanyanyuka kwa kushika bega langu.

"Nyumba ya mama yako ilikuwa wapi? Pale. Lete jembe."

"Mama, desturi ni jiwe la kaburini. Huyu hakutoka kaburini."

"Alilala chali wakamfunika uso? Alikubali yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi lete jembe."

Tulichimba kwa zamu, Zuhura naye. Mama mdogo alisema tuuweke uso ukitazama juu, kwa sababu wale wawili wamechoka kutazama watu wa nyumba moja. Alimtaja Lodu, mimi nikamtaja Kenyi. Kisha akachukua kisu cha kukatia mboga, akanikata kamba, akaidondosha shimoni kabla sijajiandaa. Zuhura alikuwa na karatasi na brashi mkobani, na nilidhani ataomba achukue alama kwanza. Hakuomba. Alikuwa anasukuma udongo kwa mikono yote miwili, huku analia kwa sauti, kuliko sisi. Mama mdogo akaniuliza kwa kilugha huyu analilia nani. Nikamjibu, mwalimu wake, na kuta. Akasema, mwache alie, shimo ni kubwa.

Kurudi

Lori la kurudi lilisimama Koboko, na Mzee Juma akatuita kwake tunywe chai. Chumbani alituonyesha baba yake, uso uleule, umewekwa kwenye rafu umegeuziwa ukutani. Alisema hivyo haumsumbui anaposwali. Akaugeuza ili tusalimiane nao.

"Umeshindaje, kaka?" nikasema. Yalinitoka tu.

Mzee Juma alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ni baba yangu mimi, wewe namwita kaka? Mwambie shikamoo!"

Nikafungua kinywa nimweleze. Kwa mama mdogo niliweza, kwa sababu yeye alikuwa ameniangalia akingoja. Mzee Juma hakuwa anangoja kitu. Alikuwa ameshika ule uso kwa mikono miwili, anapuliza vumbi masikioni. Nikasema shikamoo. Kisha nikamwambia kwamba nina neno juu ya uso huo, na siku akitaka kulisikia, aniulize. Akasema vyema, akaniongezea sukari. Mpaka leo hajauliza, na mimi sijui kama nilifanya sawa.

Zuhura tuliachana naye Arua. Alinipa mkono, akasema ukuta usio na nyuso ndio atakaowaonyesha watu wake, kama ulivyo. Nikamwambia awaambie pia habari za sabuni.

Basi, mlioniuliza kamba iko wapi: iko Ludara, chini ya udongo, pamoja na watu wawili wenye uso mmoja. Na mkipita Koboko, mkakaribishwa katika nyumba yenye mtu wa saruji, msimkatalie mwenyeji jina analomwita. Msalimieni vizuri. Huenda mnamsalimia Kenyi.